Apolo wa Endagikot

Mume wangu alibeba jina la mungu wa Wagiriki tangu siku alipobatizwa mpaka siku tulipomzika, na sidhani kama alilijua hilo. Yeye alijua ni jina la kanisani. Baba yake alikuwa ameambiwa kwamba Apolo alikuwa mtu wa zamani katika Biblia aliyesifiwa kwa kumwagilia maji mahali ambapo mwenzake alikuwa amepanda, na kwa kuwa baba huyo alikuwa mkulima, akaona hiyo ni kazi ya heshima. Mtoto akapewa jina la mmwagiliaji, na mmwagiliaji akawa. Bustani yetu ya vitunguu saumu hapa Endagikot iko ubavuni mwa kilima, na kijito kiko chini yake. Miaka yote ya ndoa yetu nilimwona akishuka na ndoo tupu na kupanda na ndoo zilizojaa, akinung'unika kwamba aliyempa jina angempa na mpira wa maji.

Alikufa mwaka jana, wakati wa baridi, kwa kifua kilichoanza kama mafua ya kawaida. Alijitibu kwa kitunguu saumu, kama alivyotutibu sisi sote kwa kila kitu, na mara hii hakikutosha. Kuhusu ugonjwa sitasema zaidi.

Baada ya msiba watu walinionya kwamba nyumba itakuwa kimya. Haikuwa kimya. Nina kuku, na kuku hawajui msiba. Kilichonishangaza ni kwamba jina lake liliacha kuitwa. Zamani mtu akipita kwenye njia ya chini alipaza sauti, "Apolo, upo?" na yeye akaitika kwa mara ya pili au ya tatu, maana hakuwahi kuitika mara ya kwanza. Sasa walipita wakisema, "Mama, hujambo?" Hata mdogo wake, shemeji yangu, ambaye ni katekista, alianza kusema "marehemu". "Marehemu alikuwa na nyundo yangu." "Marehemu aliahidi kuja kuziba paa." Jina lilibaki kwenye msalaba tu, na msalaba ukiuita hauitiki.

Kwa hiyo mwaka huu, mvua zilipoisha na mwanangu akapiga simu kwamba mke wake amejifungua mtoto wa kiume, mimi sikuuliza uzito. Nilikaa kwenye kigoda nikalia kidogo, halafu nikacheka, kwa sababu nilijua jina limepata mtu wa kuliitikia. Kwetu mjukuu wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake. Hilo halihitaji kikao.

Hapa inabidi nieleze habari za mkwe wangu, na inabidi niseme ukweli. Mwanangu, ambaye ndiye mtoto wangu pekee, analima mahindi na maharage Endasak, kwenye miteremko ya Hanang. Huko alikutana mnadani na binti wa wafugaji wa tambarare, Wabarabaig, akamuoa, na binti akabatizwa kabla ya ndoa. Ni mtu mrefu, mchapakazi, na maneno yake ni machache. Mimi niliamua mapema kwamba maneno ni machache kwa sababu Kiswahili chake ni kibovu. Akija kututembelea na chai ikiwa ya moto sana, alisema, "Tuiache ipungue moto." Nikamrekebisha. "Mwanangu, sema ipoe." Akatabasamu. Kesho yake tena, "Tuiache ipungue moto." Nikamrekebisha tena. Mimi niliishia darasa la saba, na ni mara chache napata mtu wa kumfundisha.

Halafu ulikuja msiba. Kila mtu aliyeingia uani alinipa pole. Watu ambao hatujasalimiana kwa miaka kwa sababu ya mpaka wa shamba walinipa pole. Mwenye duka alinipa pole, akaniuliza na hali ya vitunguu. Mkwe wangu alifika, akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono yote miwili, akafungua mdomo, akaufunga. Siku zote za msiba alilala pembeni yangu kwenye mkeka. Alisugua masufuria yenye ukoko ambayo wanawake wengine waliyasukumiana kwa miguu. Lakini pole hakunipa. Naona aibu kuandika hili, ila niliisubiri. Nikaiweka moyoni, ikakaa huko kama punje ya mahindi kwenye jino.

Wiki moja baada ya mtoto kuzaliwa, mwanangu akapiga simu tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, ananyonya kama ndama. Mama, nilitaka tuongee kuhusu jina."

"Jina lina nini? Padri anafika kwenu lini?"

"Jumapili ya wiki ijayo. Mama, lile jina nimeliangalia kwenye simu."

"Ukalikuta lina jipu?"

"Ni jina la mungu wa Wagiriki. Miungu ile ya sanamu. Na maana yake ni mharibifu."

"Nani kasema?"

"Simu."

"Simu hiyo hiyo iliyosema mvua haitanyesha siku tuliyoanika mahindi?"

Nilisikia mbuzi upande wake.

"Mkeo anasemaje?"

"Yeye ndiye hasa asiyelitaka, mama," akasema haraka haraka, kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemfahamu. Halafu salio likaisha, au alilimaliza mwenyewe.

Nilikaa na hilo siku nzima. Yule asiyenipa pole sasa hataki na jina. Jioni nilikwenda kwa shemeji yangu katekista, nikamwambia kwamba kaka yake alikuwa mungu wa Wagiriki. Hakushtuka.

"Shemeji, jina likishapita kanisani limeshaoga," akasema. "Wewe usilichimbe. Majina ukiyachimba sana utafukua vitu huwezi kuvirudisha."

"Mwanao amekwisha kulichimba."

"Basi mwambie afukie."

Lakini mtu akikuletea neno kutoka kwenye simu, huwezi kumjibu kwa neno la jikoni. Nilihitaji mtu wa vitabu. Asubuhi nikafunga vitunguu saumu kwenye kanga, nikaenda kwa jirani yetu wa upande wa juu, mwalimu mstaafu wa historia, ambaye ana rafu nzima ya vitabu na mke anayevitishia kuvifanya kuni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mama. Vitunguu vyote hivyo, umekuja kuposa?"

"Nimekuja kuuliza. Nataka kujua jina la marehemu lilitoka wapi."

"Lilitoka kwa baba yake."

"Kabla ya baba yake."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Nadhani tangu astaafu hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali lisilohusu pensheni. "Kaa," akasema. "Kaa kabisa." Akamwita mke wake alete chai, kwa sababu, alisema, leo kuna kipindi.

Nilikwenda kwake siku tatu. Siku ya kwanza tuliongea juu ya mungu mwenyewe, maana mwalimu alisema huwezi kuuliza habari za jina kabla hujamjua mwenye jina. Akanisomea kwamba Apolo alikuwa mungu wa muziki. Hapo nilicheka mpaka nikamwaga chai. Mume wangu aliimba kwaya kwa miezi miwili ujana wake, na mwalimu wa kwaya, ambaye alikuwa mtu mpole, akamwomba ashike kazi ya kubeba ngoma. Akanisomea kwamba alikuwa mungu wa upinde na mishale asiyekosa shabaha. Mume wangu alirusha jiwe kwenye mapera likavunja kioo cha dirisha letu. Alikuwa mungu wa kutabiri. Mume wangu kila mwaka alisema bei ya vitunguu itapanda. Nikaanza kuona kwamba hawa wawili hawajawahi kukutana.

"Alikuwa pia mungu wa uganga," mwalimu akasema.

"Hilo liandike," nikasema. "Kila anayekohoa kijiji hiki amekula kitunguu cha mume wangu."

"Na kuna mahali walimwita bwana wa panya. Walimwomba awaondolee panya shambani."

Hapo sikucheka. Mume wangu alipigana na panya kwenye kihenge cha mahindi maisha yake yote. Aliwawekea mitego ya kila aina, akawazibia matundu kwa udongo na vipande vya chupa, na mara moja nilimkuta anawasemesha. Anawaambia waende kwa jirani, kwa sababu jirani amevuna zaidi.

Siku ya pili tukaingia kwenye jina. Mwalimu alikuwa amekesha na vitabu, macho mekundu, na furaha kama ya mtu aliyepata mjukuu yeye. Akasema mwanangu hakudanganywa na simu. Wagiriki wenyewe walipolisikia jina hilo, masikio yao yalisikia ndani yake neno lao la kuangamiza. Mungu huyo alikuwa na mishale ya tauni, na watu waliomwogopa waliona jina linamfaa sana.

"Basi ni mharibifu," nikasema, na moyo ukashuka.

"Taratibu. Kuna Wagiriki wengine, wenye lafudhi yao, walilitamka tofauti kidogo. Hao walikuwa na neno linalokaribiana nalo sana, la mkutano wa wanaume wa ukoo. Na inasemekana neno hilo hilo lilimaanisha pia zizi la kondoo."

"Zizi?"

"Zizi."

"Zizi kama hili letu, la miti na miiba?"

"La kwao sijaliona mama, lakini zizi ni zizi."

Nikamwomba alirudie, akalirudia. Kisha akasema wapo wataalamu wanaosema si jina la Kigiriki hata kidogo. Lilitoka ng'ambo, upande ambao leo ni Uturuki, ambako yamepatikana maandishi ya kale sana ya mapatano ya wafalme, na katika miungu iliyoitwa kuwa mashahidi kuna mmoja mwenye jina linalofanana na hili. Na kulikuwa na mzee mmoja wa Wagiriki, mtu wa kufikiri, aliyelichukua jina hilo akalipigapiga likatoa maana nne mara moja: mwoshaji, mfunguaji, mkweli, na mrusha mishale asiyepumzika. Mwalimu alidhani mzee huyo alikuwa anatania nusu.

"Sasa ya kweli ni ipi?" nikauliza.

"Hakuna ajuaye."

"Vitabu vyote hivi, na hakuna ajuaye?"

"Ndiyo maana vimekuwa vingi."

Siku ya tatu nilikwenda kuchukua karatasi tu. Alikuwa ameniandikia yote kwa mwandiko wa ubaoni, na chini ya neno "zizi" alipiga mistari miwili bila mimi kumwomba. Nikaifunga kwenye pindo la kanga. Mwanangu alitaka kunitisha kwa mungu wa Wagiriki, na mimi sasa nilikuwa naenda kumrudishia mungu huyo akiwa ameogeshwa na kuchanwa nywele.

Ijumaa nikapanda basi Mbulu, tukashuka mlima mpaka Dareda, nikapanda gari la Katesh, nikateremka Endasak. Mwanangu alinipokea kwa pikipiki. Njiani hakutaja jina, nami sikutaja. Tuliongea habari za mbolea.

Nyumbani kwake nilimkuta mkwe wangu na mtoto, pamoja na mama yake mzazi, aliyekuja kumsaidia. Mzazi mwenzangu ni mwanamke mrefu kama binti yake, na bangili za shaba zimempanda mkononi karibu hadi kwenye kiwiko. Kiswahili chake ni cha mnadani, anakitumia bila woga wowote. Alinipa mtoto kabla sijakaa. Nikamwangalia. Alikuwa na paji la uso la marehemu, lile lile la mtu anayetafuta mpira wa maji.

Nilisubiri mpaka tumekula. Kisha nikafungua karatasi, nikaisoma mbele ya wote kama risala kwa mgeni rasmi. Nilisoma habari za uganga, nikasoma habari za panya, nikasoma zizi mara mbili. Kila nilipolitaja jina, mkwe wangu alipata kazi. Mara ya kwanza alisogeza kuni. Mara ya pili akapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa. Mara ya tano au ya sita alitoka nje kuwaangalia mbuzi kama wapo, na mbuzi walikuwa wamesimama mlangoni wanamwangalia yeye.

Aliporudi nikamwita akae.

"Mwanangu, sema ukweli. Jina la babu ni baya?"

"Si baya, mama. Ni jina la heshima."

"Zizi ni kitu kibaya?"

"Zizi ni zuri sana, mama."

"Basi kama ni zuri, litamke mara moja tu. Nilisikie kinywani mwako, halafu mimi nitanyamaza."

Akaangalia moto. Mwanangu akasema, "Mama, acha." Nikamuuliza niache nini. Chai ikafurika kwenye sufuria, ikamwagika kwenye mafiga, na hakuna aliyeinuka. Mkwe wangu alikuwa amefungua mdomo, na akaufunga, hivyo hivyo kama siku ile kwenye msiba, na nikaona machozi yanamlengalenga.

Ndipo mama yake akacheka. Alicheka ndani ya shuka lake, akitikisika, mpaka bangili zikalia.

"Mzazi mwenzangu wewe," akaniambia. "Umemfuata mzee mpaka kwa Wagiriki. Na huyu aliye jikoni hukumwuliza kwa nini hasemi?"

"Nilidhani hataki."

"Hawezi. Kwetu binti akiolewa, jina la baba wa mume wake halitaji. Awe hai, awe amekufa, halitaji. Hata maneno yanayofanana nalo anayazunguka kama shimo. Mimi la baba mkwe wangu lilifanana na neno letu la maji. Toka niolewe nimeomba maji kwa jina lingine, na kiu haijaniua." Akamwonyesha mjukuu kwa kidevu. "Sasa huyu ukimpa jina hilo, mama yake atamwitaje akikimbilia barabarani? Atampigia mluzi?"

Nikamgeukia mwanangu. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama. Nilitaka kukwambia. Nikaogopa utasema hayo ni mambo ya Wamang'ati."

Nilifikiri kidogo. Hilo ni neno la dharau ambalo watu wetu huwaita watu wao, na limepita nyumbani kwangu mara nyingi. "Ningesema," nikakiri.

"Ndiyo maana nikatafuta kitu kingine kwenye simu. Nilidhani ukisikia mungu wa sanamu utaliacha mwenyewe."

"Kwa hiyo ulimtupia lawama mkeo na Wagiriki, wewe ukabaki msafi."

"Zaidi Wagiriki, mama," akasema, na mama mkwe wake akacheka tena.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kurudi nyuma, kimoja kimoja. Ile chai ya kupungua moto, ili asiseme "ipoe". Nikakumbuka hata "hapo" hajawahi kuisema mbele yangu, daima ni "pale" na "mahali hapa". Nikaufikia msiba. Nilisema polepole neno lile ambalo watu wote walinipa, na nikalisikia kwa masikio yake: "pole" ilikuwa imebeba katikati ya jina la mume wangu.

"Na siku ile uliponishika mikono?" nikamwuliza.

Alijibu akiwa ameinamisha kichwa. "Nilikuwa nalo, mama. Nilikaa nalo mdomoni siku zote. Nikaona bora nisugue masufuria."

Mtoto akaamka, akalia, tukapata wote kitu cha kufanya. Mkwe wangu akampa ziwa. Mama yake akamimina chai iliyobaki. Nilipewa kikombe changu, kikaniunguza vidole, nikakiweka chini.

"Tuiache ipungue moto kwanza," nikasema.

Mkwe wangu akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo aniangalie machoni, na sina hakika kama siyo mara ya kwanza kabisa.

Kesho yake, Jumamosi, tulimtafutia mtoto jina. Niliweka sharti moja tu, kwamba liwe jina ambalo mama yake anaweza kuliita kwa nguvu kutoka mlangoni, hata akiwa na hasira. Majina yote tukayajaribu kwa njia hiyo. Mwanangu alipendekeza, mkwe wangu alisimama mlangoni akaita kuelekea shambani, na mimi na mzazi mwenzangu tulikaa uani kama mahakama. Jina moja lilikuwa zuri lakini pumzi ilimwishia katikati. Jingine alipoliita akaja mbwa wa jirani. Jingine mwanangu akalipinga, na mke wake alipombana akakiri kwamba alikuwa na adui wa jina hilo darasa la nne. Sikuwahi kumsikia mkwe wangu akipaza sauti. Ana sauti kubwa kweli. Imezoea tambarare, inakwenda mpaka inakotaka. Tulilolichagua sitaliandika, mwenyewe akikua ataamua kama anataka kuandikwa. Jumapili padri aliuliza jina, na mama wa mtoto akajibu yeye, kwa sauti iliyofika viti vya nyuma.

Jina la babu halikupotea kabisa. Kwenye kadi ya kliniki limo, la tatu, mwishoni, baada ya la mtoto na la baba yake. Nesi akiuliza jina kamili, mkwe wangu anasema yale mawili, na la tatu analionyesha kwa kidole. Mwanangu anasema manesi wamemzoea sasa.

Nilidhani hayo ndiyo yote niliyopata, na nilikuwa nimeridhika, au karibu. Asubuhi ya kuondoka mzazi mwenzangu akanijia na kondoo dume mdogo, mweusi kichwani, kutoka kwenye kondoo wake aliokuwa amewaweka kwa binti yake.

"Ulikuja na jina," akasema, "usirudi nalo hivyo hivyo. Mpe huyu. Si umesema ni jina la zizi?"

"Mama, nimpe kondoo jina la mume wangu?"

"Kwetu mnyama wa zawadi tunamwita kwa mtu aliyetufanya tupeane. Ukimwita huyu unamtaja mzee. Si dharau. Dharau ni kunyamaza."

Nilimwangalia mkwe wangu. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika.

Kondoo alisafiri kwenye gunia, kichwa nje, katikati yangu na mwanangu kwenye pikipiki. Konda wa gari aliuliza kama mzigo unang'ata. Nikamwambia mpaka sasa unanusa tu.

Wiki ya kwanza Endagikot, Apolo alivunja uzio akala nusu ya tuta la vitunguu saumu. Mwalimu alipita, akasimama, akavua miwani.

"Basi mwanao alikuwa sahihi," akasema. "Mharibifu."

"Na zizi pia ni sahihi," nikasema, "maana huko ndiko nimemfunga."

"Na ametoka ng'ambo."

"Ng'ambo ya mlima, ndiyo."

Akaondoka akiwa na furaha kuliko nilivyowahi kumwona. Nadhani alikwenda kuliandika mahali.

Shemeji yangu katekista hakufurahi. Alikuja rasmi, akakaa, akakataa chai. "Shemeji, watu wananiambia unamwita kaka yangu kila asubuhi."

"Ni kweli."

"Kwa sauti."

"Yuko mbali, bondeni."

Akageukia bondeni. "Anaitika?"

"Mara ya kwanza, hapana."

Akatazama chini, na nikaona anapigana na mdomo wake. "Hata kaka hakuwahi," akasema. Kisha akaikubali chai.

Jumapili mkwe wangu hunipigia simu. Siku hizi maneno yake si machache. Ananieleza meno ya mtoto, maharage, mama yake, na mwisho, bila kukosa, anauliza, "Na yule wa zizini, mama, hajambo?"

Jumapili iliyopita nilimwambia sijui, ngoja nimwangalie. Nikatoka mlangoni na simu mkononi, nikaiinua juu ili naye asikie, nikaliita jina kwa sauti yangu yote kuelekea kijitoni. Kule Endasak alikuwa anacheka. Kondoo hakuitika. Nikaliita tena.